Lafudhi Isiyoomba Radhi: Albamu Nne za Panki na Indie Ninazozisikiliza Sasa

Mwaka 2020 mahakama ya Kanisa la Uingereza iliamua kwamba familia moja ya asili ya Ayalandi, wakazi wa eneo la Coventry, haingeruhusiwa kuchonga maneno ya Kiayalandi kwenye kaburi la mama yao bila kuweka tafsiri ya Kiingereza pembeni, kwa hofu kwamba wapita njia wasioyaelewa wangeyadhania kuwa kaulimbiu ya kisiasa. Maneno yenyewe yalikuwa matano tu, "In ár gCroíthe go deo", na maana yake ni "mioyoni mwetu daima". Familia ilikata rufaa, na mwaka 2021 ikashinda. Bendi ya Fontaines D.C., vijana wa Dublin waliokuwa wamehamia London, ilikichukua kisa hicho na kukifanya wimbo wa kwanza wa albamu yao ya tatu, "Skinty Fia", iliyotoka tarehe 22 Aprili 2022. Miezi mitatu sasa nimekuwa nikiianza siku kwa wimbo huo, na ndio ulionifanya nikae chini kuandika tathmini hii.

Albamu ninazozieleza hapa ni nne: "Skinty Fia" yenyewe, "Germfree Adolescents" ya X-Ray Spex, "Comfort to Me" ya Amyl and the Sniffers, na "This Could Be Texas" ya English Teacher. Zimetoka katika nchi tatu na katika miaka iliyoachana kwa zaidi ya miongo minne, na kimuziki haziko karibu kama mtu anavyoweza kudhani. Kinachoziunganisha masikioni mwangu ni lafudhi. Kila moja inaimbwa na mtu aliyekataa kuibadilisha sauti yake ili apokelewe, na nimejikuta nikiipima kila albamu ya aina hii kwa kipimo hicho kabla ya kuyatazama magitaa.

Pengine nieleze maneno mawili kwa msomaji asiyeuzoea muziki huu. Kwetu neno panki hutajwa kinyozini mara nyingi kuliko linavyotajwa kwenye muziki, lakini asili ya mtindo ule wa nywele ni muziki uliochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970: nyimbo fupi, koradi chache, mwendo wa kasi, na imani kwamba mtu hahitaji kusomea gitaa kwa miaka kumi ndipo apande jukwaani. Indie, kwa upande wake, lilikuwa jina la muziki uliotolewa na lebo, yaani kampuni za kutoa muziki, zilizokuwa ndogo na zilizojitegemea, na leo limebaki kuwa jina la roki ya magitaa yenye roho hiyo ya kujitegemea, hata pale ambapo lebo inayoutoa ni kubwa. Kabla ya panki, waimbaji wengi wa roki wa Uingereza walizoea kuimba kwa lafudhi ya Kimarekani, kwa kuwa muziki wenyewe ulitoka huko na ndivyo ulivyosikika kwenye santuri walizokulia nazo. Kizazi cha 1976 na 1977 ndicho kilichoanza kwa wingi kuimba kama kinavyozungumza nyumbani na mitaani.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwangu. Nimekulia Mombasa, katika nyumba ambamo njia iliitwa ndia na macho yaliitwa mato, na shuleni tukafundishwa kuyaacha maneno hayo mlangoni pamoja na viatu. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake kwa Kimvita hicho hicho karne ya kumi na tisa, na hadi leo yanasomwa yalivyo. Kwa hiyo ninapomsikia mwimbaji wa Dublin au wa mji mdogo wa Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, akiyatamka maneno kwa namna ambayo mwalimu wake angeikosoa, ninaelewa amefanya nini, na ninaelewa pia kwamba haikuwa rahisi.

Nianze na iliyo kongwe. "Germfree Adolescents" ilitoka Novemba 1978, na ndiyo albamu pekee ambayo X-Ray Spex, bendi ya panki ya London, waliitoa wakati wa enzi yao ya kwanza, kwani kufikia mwaka uliofuata mwimbaji wao alikuwa ameondoka. Mwimbaji huyo alijiita Poly Styrene, jina alilolipata alipokuwa akipekua kitabu cha simu cha matangazo ya biashara akitafuta neno linaloendana na zama za plastiki, kwani polystyrene ni aina ya plastiki. Jina lake halisi lilikuwa Marianne Joan Elliott-Said. Baba yake alikuwa Msomali na mama yake mwanamke mzungu wa Uingereza aliyemlea katika mtaa wa Brixton, London. Hilo jina la Said, lililofichwa nyuma ya plastiki, linanigusa kila ninapoiona picha ya jalada, kwa sababu ni jina ambalo msikilizaji yeyote wa pwani yetu angeliitikia kama la jirani. Aliunda bendi baada ya kuwaona Sex Pistols, bendi ya panki ya London, wakipiga kwenye gati la mji wa Hastings tarehe 3 Julai 1976, siku aliyotimiza miaka kumi na tisa, na akapanda jukwaani akiwa na waya za kunyoosha meno mdomoni na nguo za rangi kali zinazowaka, wakati ambapo wasichana wa muziki wa pop walitarajiwa kupendeza kwa namna nyingine kabisa.

Sauti yake ndiyo bidhaa yenyewe katika albamu hii. Haiimbi noti kwa utaratibu wa mwimbaji aliyefundishwa. Huirusha juu, huiacha ipasuke, kisha huirudisha chini ghafla ikawa sauti ya msichana anayezungumza dukani. Katika "Identity" anauliza kama mtu akijitazama kwenye kioo anajiona mwenyewe, halafu anaendelea kuuliza kama anajiona kwenye televisheni na kwenye majarida, na kila swali linapanda juu ya lile lililotangulia hadi mtu anahisi kuulizwa yeye. Wimbo huo umetimiza miaka zaidi ya arobaini na haujazeeka hata kidogo, kwani kioo kimehamia mkononi mwetu na tunakitazama kutwa. Nyuma yake kuna saksafoni ya Rudi Thomson, na hapa ninamwomba msikilizaji aisikilize mara moja akiwa ameacha kila kitu kingine, kwa sababu inafanya kazi ambayo katika bendi nyingi za panki ingefanywa na gitaa la pili: hufuata sauti ya mwimbaji kama mtu anayeitikia, wakati mwingine ikibishana nayo, na kuipa albamu nzima sauti ya barabara yenye honi nyingi.

Wimbo uliobeba jina la albamu unaenda polepole kuliko mwingine wowote humo, na ndio ninaoupenda zaidi. Unahusu vijana waliotawaliwa na hofu ya vijidudu, wanaosugua meno na kunawa bila kikomo, na Poly Styrene anauimba kwa upole ambao haupo kwingineko, kana kwamba anawaonea huruma watu hao badala ya kuwacheka. Baada ya nyimbo kadhaa za kelele, upole huo unashtua kuliko kelele yoyote.

Tahadhari moja kwa mnunuzi: wimbo wao uliojulikana zaidi, "Oh Bondage Up Yours!" wa mwaka 1977, ambao unaanza kwa maneno ya taratibu yaliyosemwa kwa sauti ya mtoto mpole na kisha kulipuka, haukuwamo katika santuri ya kwanza. Matoleo ya baadaye yameuongeza, kwa hiyo ni vyema kuitazama orodha ya nyimbo kabla ya kulipa. Ubora wa kurekodiwa ni wa zama zake. Gitaa la besi limezama na ngoma zimebanwa. Mtu anayetaka mzizimo wa spika kubwa hataupata hapa. Mimi haunisumbui, kwa kuwa sauti ya mwimbaji imewekwa mbele ya kila kitu, mahali panapostahili.

Narudi sasa kwa "Skinty Fia", ambayo naiona kuwa kubwa kuliko zote nne. Fontaines D.C. walikutana chuoni Dublin wakiunganishwa na mapenzi ya ushairi kabla ya kuunganishwa na muziki, na herufi mbili za mwisho wa jina lao ni kifupi cha Dublin City. Albamu yao ya kwanza, "Dogrel", ya Aprili 2019, ilijaa majigambo ya mji wao. Grian Chatten aliimba kwa lafudhi nzito ya Dublin isiyopunguzwa makali hata chembe, akiyabamiza maneno kama mtu anayepiga meza. Niliipenda wakati huo na ningali naipenda. Hata hivyo, ni rahisi kujivunia lafudhi yako ukiwa kwenu, mtaani kwenu, mbele ya watu wanaozungumza kama wewe. "Skinty Fia" inauliza lafudhi hiyo inakuwa nini ukivuka bahari na kuishi miongoni mwa watu wanaoisikia kama kitu cha kuchekesha au cha kutiliwa shaka. Jina lenyewe ni usemi wa Kiayalandi wenye maana ya laana ya paa au kulungu, uliokuwa ukitumiwa na bibi mmoja katika ukoo wa mpiga ngoma wao, Tom Coll, na kwenye jalada yumo mnyama huyo amesimama ndani ya nyumba yenye mwanga mwekundu, mahali asipostahili kuwa.

Wimbo wa kwanza, ule wa kaburi, una urefu wa takriban dakika sita, muda mrefu mno kwa bendi inayotokana na panki. Unaanza na besi nzito inayokwenda chini chini na sauti za watu wengi zikiyarudia yale maneno matano kama kwaya ya kanisani. Kwaya hiyo inapokuwa imeshashika, Chatten anaingia na Kiingereza chake cha Dublin, akiimba juu yake bila haraka. Katikati, ngoma zinaingia kwa mdundo uliokatwakatwa, zinazidi kusogea mbele, na wimbo unageuka kutoka msiba kuwa madai. Katika dakika zote hizo sita yale maneno ya kaburini hayatafsiriwi hata mara moja. Msikilizaji asiyejua Kiayalandi anawekwa mahali palepale ilipokuwa mahakama, akasikia lugha asiyoielewa, na anaachwa aamue mwenyewe kama ataisikia kama tishio au kama kilio cha watoto waliofiwa na mama yao. Sijawahi kusikia hoja ya haki ya lugha ikitolewa kwa nguvu kiasi hicho, nami nimekaa kwenye makongamano mengi ya Kiswahili.

Baada ya mwanzo huo mtu angetarajia albamu iteremke, lakini haiteremki haraka. "Jackie Down the Line" ina gitaa jepesi na kiitikio kinachonasa mara moja, ilhali anayeimba ni mtu mbaya anayemwambia mpenzi wake waziwazi kwamba atamuumiza. "I Love You" unaanza kama wimbo wa mapenzi, na kwa kweli ni wa mapenzi, ila mpenzi mwenyewe ni nchi. Kadiri unavyoendelea, Chatten anaacha kuimba na kuanza kuyamwaga maneno mfululizo bila kuvuta pumzi, akiishtaki Ayalandi kwa yale iliyowatendea watoto na vijana wake, na kisha anarudi kwenye lile neno la upendo kana kwamba hana pengine pa kwenda. Mtu yeyote anayeipenda nchi yake akiwa mbali nayo, na anayekasirishwa nayo kila asomapo habari zake, atautambua mwendo huo wa moyo.

Wimbo ninaotaka kuukalia kidogo ni "The Couple Across the Way". Hauna ngoma wala gitaa. Kuna sauti ya Chatten na akordioni tu. Anawatazama kupitia dirishani majirani wawili wa makamo wanaogombana kila siku, mume akitoka nje kupumua na kurudi ndani, na anapowatazama anaanza kujiuliza kama wale wawili nao wakitazama upande wake wanawaona vijana wawili waliokuwa wao zamani. Sisi tuliolelewa na taarabu tunaijua akordioni kama ala ya sherehe na ya majibizano, inayojaza nafasi kati ya ubeti na ubeti kwa madaha. Hapa imepigwa kwa namna ya kuvuta na kuachia tu, pumzi ndefu zinazofunguka na kufunga, hata viungo vya ala vinasikika vikijongea. Mara ya kwanza nilidhani ni kasoro ya kurekodi. Mara ya tatu nikaelewa kwamba akordioni inapumua kwa niaba ya yule mume aliyetoka nje.

Kasoro zipo. "How Cold Love Is" hauendi popote, na wimbo wenye jina la albamu umevikwa mdundo wa kielektroniki ambao ulionekana mpya mwaka 2022 lakini sasa unasikika kama jaribio lililokatishwa. Mtayarishaji Dan Carey, aliyesimamia albamu zao tatu za kwanza, amezipa nyimbo karibu zote kivuli kimoja cha giza, na msikilizaji aliyechoka anaweza kuhisi kwamba zinafanana. Ushauri wangu ni kutoisikiliza yote kwa mkao mmoja mara ya kwanza. Aisikilize nusu, alale, kisha amalizie kesho yake.

Wengi wanaiona albamu yao iliyofuata, "Romance" ya Agosti 2024, kuwa ndiyo kilele. Mimi naipa heshima yake, hasa wimbo "Starburster" ambamo Chatten anavuta pumzi kwa sauti kubwa katikati ya mistari, akirejelea siku aliposhikwa na hofu kuu katika kituo cha treni cha St Pancras. Lakini katika albamu hiyo nyuzi za fidla na mapambo ya studio yamewekwa kwa wingi, na ile lafudhi iliyokuwa mbele imerudi hatua mbili nyuma. Ni albamu nzuri ya bendi ambayo imekuwa kubwa. "Skinty Fia" ni albamu ya watu ambao walikuwa na jambo lililowakaba kooni.

"Comfort to Me" ya Amyl and the Sniffers, iliyotoka Septemba 2021, ni kitu tofauti kabisa, na ndiyo ninayoipiga ninapofanya kazi za nyumbani au ninapotembea kwa kasi. Bendi hii ni ya Melbourne, na mwimbaji wake Amy Taylor anatoka mji mdogo wa Mullumbimby katika jimbo la New South Wales. Kiingereza chake cha Australia kimepanuka vokali, zinavutwa pembeni hadi neno moja linakuwa na vilima viwili, na yeye hukitumia kama ala ya kupiga mdundo. Nyimbo kumi na tatu zinakwisha kwa muda unaokaribia dakika thelathini na tano. Gitaa la Declan Mehrtens linakata kama msumeno, safi na kavu, na ngoma na besi hazina urembo.

Wimbo wa kuzingatia ni "Knifey". Mwanamke anasema anachotaka ni kutembea bustanini usiku na kuzitazama nyota, na kwa kuwa hawezi kufanya hivyo kwa amani, anatembea na kisu. Mwendo wake ni wa taratibu kuliko zingine, sauti imepungua ukali, na lafudhi ile iliyokuwa ikitumika kujigamba inasikika kama ya mtu aliyechoka. Nimewasikilizisha dada zangu wawili, mmoja asiyependa roki hata kidogo, na wote wawili waliomba niurudie. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kuna pia "Security", ambapo anambembeleza mlinzi wa mlango wa baa amruhusu aingie, akisisitiza kwamba hatafuti fujo, anatafuta mapenzi. Wimbo huo una furaha ya kweli, na ni nadra kusikia panki ikiwa na furaha isiyo na kejeli ndani yake.

Udhaifu wa albamu hii uko katika nusu ya pili, ambako nyimbo mbili tatu zinafuatana kwa mwendo mmoja na sauti moja hadi zinachanganyika. Pia ina matusi mazito, mengine yakiwa kwenye majina ya nyimbo zenyewe, kwa hiyo haifai kupigwa watoto wakiwapo.

"This Could Be Texas" ndiyo niliyochelewa kuipenda. English Teacher ni bendi ya Leeds, na albamu hii yao ya kwanza ilitoka Aprili 2024 chini ya usimamizi wa mtayarishaji Marta Salogni, ikashinda Tuzo ya Mercury, inayotolewa kila mwaka kwa albamu bora ya Uingereza au Ayalandi, mwezi Septemba mwaka huo huo. Ilikuwa mara ya kwanza katika kipindi cha miaka kumi kwa tuzo hiyo kwenda kwa wasanii wa nje ya London. Nyimbo zake zinabadilisha mwendo ghafla, piano inaingia pale ambapo sikio linatarajia gitaa, na hesabu ya midundo hupotea mara kwa mara. Mara mbili za kwanza niliona ni vijana wenye mawazo mengi kuliko nyimbo, na bado nadhani katika nyimbo mbili au tatu ndivyo ilivyo. Wangepunguza vionjo, albamu ingepata nafasi ya kupumua.

Kilichonirudisha ni namna Lily Fontaine anavyozungumza ndani ya nyimbo. Amekulia Colne, mji mdogo wa Lancashire, na anausema kwa sauti yake ya huko. Katika "The World's Biggest Paving Slab" anachukua nafsi ya jiwe kubwa la kutandikia njia linalosemekana kuwa fahari ya mji huo, na jiwe hilo linajivunia ukubwa wake na kuwaonya wapita njia waangalie wanakokanyaga. Sisi tunawajua washairi waliozungumza kwa kinywa cha jahazi au cha mnazi, kwa hiyo mbinu haitushangazi. Kinachoshangaza ni jinsi alivyoweza kuliweka ndani ya jiwe hilo suala zima la watu wa miji midogo, wanaojua kwamba wao ni wakubwa na wanaojua pia kwamba wanakanyagwa. Katika "R&B" anajibu jambo lililomkuta mara nyingi: kwa kuwa ni mwanamke mwenye asili ya weusi, watu walidhani kabla hajafungua kinywa kwamba anaimba muziki wa R&B. Besi ya wimbo huo ndiyo kali kuliko zote katika albamu, na anauimba kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kujibu swali hilo mara elfu. Ukiusikiliza mara baada ya "Identity" ya Poly Styrene, utasikia wanawake wawili waliopishana karibu nusu karne wakisimama mbele ya kioo kilekile.

Wimbo wa mwisho, "Albert Road", umepewa jina la barabara ya Colne, na humo Fontaine anawatetea watu wa mji wake bila kuwasafisha. Anakiri ukali wao na chuki zao ndogondogo, kisha anaeleza zilikotoka, huku muziki ukipanda taratibu kutoka sauti moja hadi bendi nzima. Kama ningelazimika kuchagua wimbo mmoja wa albamu hii wa kumpa mtu asiyejua chochote kuihusu, ningempa huo.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza kama kwetu hakuna. Wapo, na ninaowasikiliza zaidi ni Crystal Axis wa Nairobi, wanaojitambulisha kama bendi ya panki ya Kiafrika. Wimbo wao "Leopold" unamgeukia mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo shamba lake binafsi, na "Nyayo House" unashuka hadi kwenye vyumba vya chini vya jengo hilo la serikali katikati ya Nairobi, ambako wapinzani wa utawala wa Rais Moi waliteswa katika miaka ya 1980. Ukipita mbele ya jengo lile leo utakuta foleni ya watu wanaofuatilia pasipoti, na wimbo huo unaibadilisha kabisa foleni hiyo machoni pako. Magitaa yao ni mazito, ya kisasa, yamerekodiwa vizuri. Ninachokisubiri kwa hamu, na ambacho sijakipata bado, ni albamu nzima ya panki itakayoimbwa kwa Kiswahili cha mtaa fulani hasa, Kimvita au Kiunguja au Kiswahili cha Lubumbashi, kwa sauti isiyosawazishwa.

Kuhusu namna ya kuzipata: zote nne zipo kwenye programu za kusikiliza muziki kwa simu, na hiyo ndiyo njia ninayoitumia siku nyingi. Nimewahi pia kuagiza santuri ya "Skinty Fia" kutoka duka moja la nje, ikanifikia imepinda kwa joto la safari, na ikabidi nibishane kwa barua pepe majuma matatu ndipo niletewe nyingine. Anayeagiza kuja pwani aombe ifungwe kwa mbao nyembamba pande zote mbili na asikubali bahasha ya karatasi peke yake. Kwa simu, ni afadhali kutumia spika za masikioni zenye waya, hata zile za bei ya chini, kuliko spika ya simu yenyewe, kwa sababu besi ya "In ár gCroíthe go deo" haisikiki kabisa kwenye spika ndogo na bila hiyo wimbo unabaki kwaya inayoning'inia hewani.

Mwenye pesa ya kununua moja tu anunue "Skinty Fia". Mwenye haraka na asiyependa huzuni aanze na "Comfort to Me". "Germfree Adolescents" nampendekezea yeyote mwenye binti wa miaka kumi na tano nyumbani, na "This Could Be Texas" nampendekezea mwenye subira, kwa sharti kwamba aipe nafasi mara nne kabla ya kuihukumu. Na kwa zote, mara ya kwanza asitafute maneno ya nyimbo mahali popote. Asikilize matamshi tu, namna mdomo unavyofunguka na kufunga, kama anavyomsikiliza mgeni aliyebisha hodi kabla hajajua ametoka wapi. Maneno ayasome mara ya pili.